Upasuaji wa makengeza: jicho limenyooka, mbona mkono unakosa kitu?

Mwendomacho · #1

Wakuu, swali hili linarudi kila mara na majibu yake huishia kwenye "utazoea tu". Hayo hayatoshi. Mtu katoka kupasuliwa misuli ya jicho, anamimina maji yanatua pembeni ya kikombe, anashika kitasa anakuta hewa, anashuka ngazi kwa kupapasa na mguu. Anastahili kuelezwa kinachoendelea, na anayemhudumia anastahili kujua apime nini.

Tuanze na kazi yenyewe. Kila jicho lina misuli 6 ya nje, minne imenyooka na miwili ni ya mshazari. Jicho likiwa limeingia upande wa pua, kazi ya kawaida ni kulegeza msuli wa ndani. Utando wa juu unachanwa kidogo, msuli unanaswa kwa ndoano, unafungwa kwa uzi mwembamba wa 6-0 unaoyeyuka wenyewe, unakatwa pale ulipojishikiza (kama milimita 5.5 kutoka ukingo wa konea), halafu unashonwa upya nyuma zaidi. Njia nyingine ni kukaza: msuli wa upande wa pili unapunguzwa kipande cha mbele na kushonwa palepale ulipokuwa. Kwa kengeza la ndani la dayopta 30 za prizimu (kipimo cha ukubwa wa kengeza), jedwali linalotumika sana linataka misuli ya ndani ya macho yote mawili irudishwe nyuma milimita 4.5 kila mmoja. Kwa dayopta 50 ni milimita 6.

Sasa angalieni hesabu. Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha karibu milimita 24, kwa hiyo milimita 1 juu ya uso wake ni karibu digrii 5. Kama upasuaji ungekuwa kuzungusha jicho tu, milimita 9 za macho mawili zingeleta zaidi ya digrii 40. Lakini dayopta 30 ni digrii 17 hivi. Maana yake daktari hazungushi jicho, anabadilisha mvuto wa msuli, na mahali jicho linapotulia panatokana na misuli yote pamoja na amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo.

Ndiyo maana mahali pa vitu panayumba. Ili ubongo ujue kitu kiko wapi, unahitaji kujua picha imeangukia wapi kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kila jicho limeelekea wapi, na picha za macho mawili zinaoanaje. Kisu kimegusa yote matatu kwa saa moja, na kila moja linajirekebisha kwa muda wake. Mkichanganya haya matatu mtampa mgonjwa ushauri usiomfaa. Nawaachia wenye utaalamu wa kila upande.

---

Fundi_Lenzi · #2

Mkuu umeanza vizuri. Kwa wasiozoea kipimo: dayopta 1 ya prizimu inasogeza taswira sentimita 1 kwa umbali wa mita 1. Kwa hiyo kengeza la dayopta 30 ni sentimita 30 kwenye kitu kilicho mita 1 mbele yako. Si kasoro ndogo ya urembo hiyo.

Niongeze kinachosahaulika: unaweza kumwonjesha mgonjwa matokeo kabla ya kisu. Makengeza ya ndani unamwekea prizimu (kioo cha kabari kinachopindisha mwanga) yenye kitako, yaani upande mnene, kuelekea nje, ya nje unaweka kitako kuelekea ndani, kwa nguvu sawa na pembe yake. Akisema anaona kimoja, vizuri. Akisema viwili, punguza na ongeza dayopta chache chache hadi ujue viwili vinaanzia wapi na kuishia wapi, kisha andika namba hizo kwenye faili. Ukitaka muda mrefu zaidi tumia prizimu za Fresnel za kubandika kwenye miwani, ila zikizidi dayopta 15 hivi ukungu wake unaanza kusumbua, kwa hiyo zigawe kwenye lenzi mbili.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1990 kuhusu makengeza ya ndani yaliyoanza baada ya utoto mchanga ulionyesha faida ya kumzoesha mgonjwa prizimu kwanza, kisha kupasua kwa pembe anayoifikia akiwa nazo. Wengine pembe inaongezeka wakivaa, na hao ndio wanaopasuliwa pungufu mkitegemea kipimo cha siku ya kwanza.

---

Nuru Mbili · #3

Nachukua suala la picha mbili kuoana, kwa sababu ndilo linalowatisha watu zaidi.

Kila nukta ya retina ya kulia ina pacha wake kushoto. Picha zikiangukia mapacha, ubongo unasema kitu ni kimoja na kiko mahali pamoja. Mtu akipinda jicho ukubwani, mapacha wanaachana na anaona viwili siku hiyohiyo. Mtoto mdogo ubongo wake una njia mbili za kukwepa. Ya kwanza ni kuzima picha ya jicho lililopinda. Ya pili ni ya ajabu zaidi: unaunda upacha mpya, ambapo katikati ya retina ya jicho lililonyooka inaoanishwa na nukta ya pembeni ya jicho lililopinda. Macho yanatazama kwingine na kwingine, lakini kitu kinahisiwa kipo mahali pamoja.

Sasa mnyooshe huyo. Macho yako sawa, ila ubongo bado unatumia upacha wa zamani. Matokeo yake ni kuona viwili vilivyopishana kinyume na pembe: mtu aliyekuwa na makengeza ya ndani analalamika kama mwenye makengeza ya nje, picha ya jicho la kulia iko kushoto na ya kushoto iko kulia, wakati ukipima kwa kufunika jicho unakuta amenyooka au bado kaingia ndani kidogo. Asiyejua hili atadhani mgonjwa amekosea kujieleza, au mbaya zaidi atampa prizimu ya kufukuza viwili, na prizimu hiyo inayarudisha macho kwenye hesabu ya zamani.

Kipimo cha kulitambua ni lenzi za Bagolini. Ni lenzi nyeupe zenye mikwaruzo midogo sana, moja imelazwa digrii 45 na nyingine 135, mgonjwa anatazama taa ndogo. Akiona mistari miwili inakatana kwenye taa huku jicho limepinda waziwazi, huo ni upacha mpya. Mstari mmoja haupo kabisa: picha inazimwa. Mistari ipo lakini mmoja una pengo karibu na taa: imezimwa sehemu ya katikati tu. Mistari ipo, taa ziko mbili: anaona viwili. Fanya kabla ya upasuaji na urudie baada ya wiki 6, kwa lenzi zilezile na umbali uleule.

Kwa wengi viwili vya namna hii vinafifia ndani ya siku au wiki, kwa sababu ubongo unasogeza eneo la kuzima picha au unaanza kuivumilia hali mpya. Kwa wachache vinabaki, na wengi wa hao ni wale ambao prizimu za kabla ya upasuaji zilikuwa zimeshaonyesha viwili kila nguvu iliyojaribiwa. Hao waambiwe wazi kabla hawajatia saini.

---

Kipimapembe · #4

Mimi nizungumzie mkono kukosa kitu, maana viwili na kukosa si jambo moja. Mtu anaweza kuona kimoja safi kabisa, tena kwa jicho moja tu, na bado akanyoosha mkono pembeni.

Ubongo unajuaje jicho limeelekea wapi? Kuna hoja mbili za tangu karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Mwanasayansi Mjerumani Helmholtz alisema unajua kwa kuhesabu amri ulizotuma. Mwingereza Sherrington alisema unasikiliza taarifa kutoka kwenye misuli yenyewe. Wagonjwa wa makengeza wamekuwa ushahidi muhimu hapa, kwa sababu kisu kinabadilisha jicho bila kuubadilisha ubongo.

Chukua jicho la kulia lililolegezwa msuli wa ndani. Funika la kushoto, mwambie atazame kitu kilicho mbele. Amri inayotosha kulielekeza mbele leo ni ileile ambayo wiki iliyopita ililiacha likiwa limeingia puani. Ubongo ukihesabu amri tu, utaamini jicho linatazama kushoto, na mkono utapita kushoto kwa kitu. Ni sheria ileile ya msuli uliopooza: mkono hupitiliza kuelekea upande ambao msuli dhaifu unavuta.

Mwaka 1981 Steinbach na Smith walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya wagonjwa walioonyesha kitu kwa kidole bila kuuona mkono wao, baada ya kupasuliwa. Wengi walijua kwa kiasi kikubwa jicho lilipo sasa, kabla hawajapata nafasi ya kujifunza kwa kuona. Waliowahi kupasuliwa misuli ileile zaidi ya mara moja uwezo huo ulipungua. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba vipokea-taarifa vilivyo pale msuli unapoungana na kano vinaharibiwa na kisu kikirudiwa. Mwaka 1986 Bock na Kommerell wakaleta vipimo vinavyokwenda na hoja ya amri. Mwaka 1990 Gauthier na wenzake walisogeza kwa nguvu jicho lililofunikwa, na mtu mwenye macho mazima akakosea mahali pa kitu alichokiona kwa jicho la pili, ila kosa lilikuwa sehemu ndogo tu ya msogeo ule. Msimamo wangu: zote mbili zinafanya kazi, amri ikiwa na uzito mkubwa na taarifa ya msuli ikisahihisha polepole. Kwa hiyo kukaza, ambako kunakata kipande cha mbele ya msuli, na upasuaji wa marudio, ndiko nisikotarajia mkono urudi haraka.

Namna ya kupima bila mashine: mkalishe mezani, weka ubao mlalo chini ya kidevu ili asiuone mkono. Kitu kiwe sentimita 57 kutoka jichoni, kwa umbali huo sentimita 1 ni digrii 1. Funika jicho lisilopasuliwa. Aguse chini ya ubao pale anapodhani kitu kipo, arudishe mkono kifuani, arudie mara 5. Fanya hivyo katikati, kulia na kushoto. Chukua wastani, usihukumu kwa mguso mmoja, na usimwambie amekosea, kwa sababu ukimwambia tu ameshaanza kujifunza na kipimo kimeharibika.

---

Fundi_Lenzi · #5

> Waliowahi kupasuliwa misuli ileile zaidi ya mara moja uwezo huo ulipungua.

Je, wanabaki hivyo? Na kuna zoezi?

---

Kipimapembe · #6

Hawabaki hivyo maadamu wanatumia mikono. Kazi za Richard Held za miaka ya 1960 kwa watu waliovaa prizimu zilionyesha kwamba kuzoea kunakuwa kukubwa mtu anapousogeza mkono mwenyewe, kuliko unaposogezwa na mtu mwingine huku akitazama. Kwa hiyo zoezi ni kugusa vitu huku mkono unaonekana: vifuniko vya chupa vimetawanywa mezani, gusa kimoja kimoja, polepole kwanza kisha haraka, dakika 10 asubuhi na jioni. Kukosa na kuona umekosa ndiko kunakofundisha. Kukaa kitandani na jicho limefungwa wiki nzima hakufundishi kitu.

---

Bi Retina · #7

Hapo kwenye kufunga jicho nataka nisisitize, kwa sababu wengi wanashauri vibaya. Kiziba jicho kinaondoa viwili mara moja, ndiyo maana kinapendwa. Lakini kinaunyima ubongo nafasi ya kuoanisha picha. Kitumike kwenye hatari: ngazi zenye watu, kisu, maji ya moto, kuvuka barabara. Nyumbani kwenye usalama macho yote mawili yawe wazi hata kama ni kero. Kuendesha gari usiguse kabisa mradi unaona viwili, na usirudi barabarani hadi daktari aruhusu.

Viwili vikigoma kwa miezi, hapo kubandika karatasi ya ukungu kwenye lenzi ya jicho moja ni matibabu halali, mtu asione amefeli.

---

Nuru Mbili · #8

Tuje kwenye kina, maana kila mtu anauliza "nitaanza kuona 3D?"

Kina kinapimwa kwa sekunde za pembe (digrii 1 ni sekunde 3600), na namba ikiwa ndogo ndivyo kina kilivyo bora. Macho mazima hufikia 40 hadi 60. Nzi mkubwa wa kipimo cha Titmus (picha ya nzi anayeonekana kuinuka kwa mwenye kina) anataka 3000 tu. Zibadilishe ziwe kitu cha mkononi: umbali kati ya mboni ukiwa sentimita 6.3 na kitu kiko sentimita 40, sekunde 40 zinatofautisha kina cha nusu milimita. Sekunde 3000 zinatofautisha karibu sentimita 4. Kwa hiyo mtu aliyepata "kina cha nzi" baada ya upasuaji amepata kitu, anatambua kikombe kiko mbele ya chupa, lakini kuingiza uzi kwenye tundu la sindano bado atategemea ujanja mwingine. Na kwa mita 10 hata sekunde 40 ni tofauti ya sentimita 31 hivi, huko mbali kila mtu anategemea zaidi vivuli, ukubwa, kipi kimekizuia kipi, na vitu vinavyopishana ukitikisa kichwa.

Nani anapata? Aliyepinda ukubwani, au utotoni baada ya kina kukomaa, mara nyingi anarudishiwa alichokuwa nacho. Aliyezaliwa nayo au kuanza ndani ya miezi 6 ya kwanza, umri wa kupasuliwa una uzito. Watafiti wa ubongo Hubel na Wiesel walishaonyesha mwaka 1965 kwamba paka wachanga waliopindishwa jicho wanapoteza seli za ubongo zinazohudumiwa na macho yote mawili. Kwa watoto, utafiti wa Ulaya uitwao ELISSS ulilinganisha waliopangiwa upasuaji wa miezi 6 hadi 24 na wa miezi 32 hadi 60. Walipofika miaka 6, waliomtambua nzi wa Titmus walikuwa asilimia 13.5 kwa wa mapema na 3.9 kwa wa baadaye. Mapema inasaidia, ila hata hapo wengi hawakupata.

Lengo la kawaida ni macho yabaki ndani ya dayopta 10. Chini ya dayopta 8 wengi wanakaa kwenye hali aliyoieleza daktari wa macho Marshall Parks mwaka 1969: katikati ya picha ya jicho moja imezimwa, pembeni zinaungana, kina ni cha wastani au hafifu. Kwenye nukta nne za Worth (taa nne za rangi zinazotazamwa kwa miwani yenye lenzi nyekundu na kijani) utaona anaunganisha karibu (nukta 4 kwa sentimita 33) lakini mbali kwa mita 6 anaona 2 au 3, kwa sababu kule nukta ni ndogo na zinaingia zote ndani ya eneo lililozimwa. Hayo ni matokeo mazuri, msiyasome kama kushindwa.

---

Mwendomacho · #9

Kuna faida nyingine ambayo haitegemei kina kabisa: upana wa uwanja wa kuona. Jicho moja linaona karibu digrii 95 upande wa nje na 60 upande wa pua, mawili kwa pamoja kama 190. Jicho likiingia ndani digrii 17, ukingo wake wa nje nao unaingia digrii hizohizo. Ukilinyoosha, ukanda huo unarudi, hata kwa mtu mzima ambaye hatapata kina maisha yake yote. Ndiyo maana wengine wanasema ukuta "umesogea", au watu hawawatokei ghafla tena upande huo.

Makengeza ya nje ni kinyume. Yule alikuwa anaona pana kuliko kawaida, na ukimnyoosha anapoteza ukanda wa pembeni. Aambiwe mapema, la sivyo atadhani jicho limeharibiwa. Geuzeni kichwa zaidi mnapovuka barabara wiki za mwanzo.

---

Bi Retina · #10

Kwa makengeza ya nje ya kuja na kuondoka, jueni pia kwamba madaktari wengi hukusudia kuzidisha kidogo, jicho liingie ndani hadi dayopta 10 hivi siku za kwanza, kwa sababu lina tabia ya kurudi nje. Basi viwili vya wiki moja au mbili hapo vimepangwa. Vikipita wiki mbili bila kupungua, mrudishe apimwe.

Sijaona mtu akigusa mzunguko. Msuli wa mshazari wa juu ukidhoofika, jicho linajizungusha lenyewe, na mgonjwa anasema sakafu imeinama au mlango umelala. Kipimo ni fimbo mbili za Maddox (lenzi zinazogeuza taa ionekane mstari), moja kila jicho: anazungusha hadi mistari miwili iwe sambamba, unasoma digrii. Prizimu haiondoi mzunguko hata kidogo, kwa hiyo mgonjwa wa sakafu iliyoinama asipotezewe muda na miwani.

---

Fundi_Lenzi · #11

Na watoto? Hawasemi "naona viwili".

---

Bi Retina · #12

Hawasemi, wanafanya. Anafumba jicho moja akiwa ndani ambako hakuna jua kali, anainamisha au kugeuza kichwa upande uleule kila mara, anaweka kikombe kikanasa ukingo wa meza, anasita kwenye kizingiti. Andika ni lini na mara ngapi. Kipi si cha kungoja: jicho moja analolitumia daima na jingine limekaa ndani bila kubadilishana, kwa sababu hapo uvivu wa jicho (ubongo kulipuuza jicho hilo hadi uoni wake ushuke) unaweza kuanza upya hata kama pembe ni ndogo, na kuziba jicho lile lenye afya kwa saa alizopanga daktari kunarudi.

---

Kipimapembe · #13

Ratiba, kwa ajili ya watakaosoma baadaye. Kwa nyuzi za kurekebishwa (zinazoachwa ili daktari akaze au alegeze msuli baada ya upasuaji), marekebisho hufanywa ndani ya saa 24 hivi. Mgonjwa awe ameamka kabisa kutoka kwenye nusukaputi na marhamu imesafishwa jichoni, maana ukimuuliza anaona vingapi akiwa na ukungu utarekebisha uongo. Siku ya kwanza hadi wiki 2 uvimbe unabana mwendo wa jicho, hivyo pembe ya wakati huo si ya kuaminika. Wiki ya 6 pima pembe, Bagolini, kina na mkono. Upasuaji wa pili wengi hawaufikirii kabla ya miezi 2 au 3, isipokuwa kwa dharura.

Dharura ni hizi, siku hiyohiyo bila kungoja miadi: jicho limetoka nje ghafla na haliwezi kuvutwa kuelekea pua (msuli uliolegezwa umeteleza au kung'oka), maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kope kuvimba na kuwa za moto, usaha, au uoni wa jicho hilo kushuka. Msuli ulioteleza ni rahisi kuupata mapema kuliko baada ya wiki kadhaa, ukiwa umeshajishikiza nyuma mahali pasipojulikana.

Na anayerudi na viwili baada ya wiki 6, usimpime pembe peke yake. Mpe Bagolini kwanza, kisha prizimu, halafu ndipo mjadili kisu.